Boriti za Baba Zilipotiwa Horini

Harufu ya dawa ya mbao hunitia kichefuchefu mpaka leo. Nikiinusa popote, mimi hurudi Takaungu, mwaka ule Baba alipokuwa akitujengea nyumba. Kwetu boriti za mikoko haziingii ukutani zikiwa mbichi. Huzamishwa kwanza kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari unaopita kando ya mji, zikanywa maji ya chumvi wiki kadhaa ili mchwa wazikatae. Mwaka ule fundi alimletea Baba pipa la dawa ya kijani. Baba, kwa tamaa ya kutaka nyumba idumu maradufu, akafanya yote mawili. Asubuhi alizipaka dawa, na jioni, hazijakauka, akazizamisha majini kama alivyofanya babu.

Pale pale ndipo Mama alipokuwa akitanda uduvi, akiwachota kamba wale wadogo majini kwa leso kuukuu, mimi nikishika ncha mbili na yeye mbili. Uduvi huo ndio uliotulisha. Siku ya tatu tuliposhuka, maji yalikuwa na utando wa mafuta. Vitoto vya samaki vilielea matumbo juu, vimevimba, vinanuka. Kaa walilala chali nje ya mashimo yao. Ndege mdiria aliyekuwa amewadonoa samaki hao alikuwa amekufa kando yao, mdomo wazi, nzi wakimwingia. Tulipoinua leso, ilitoka na ute wa kijani ulionata vidoleni. Nilitapika papo hapo.

"Baba Mwanaisha, umelitia nini hori?" Mama alimuuliza alipofika.

"Dawa ya mchwa tu, Mama Mwanaisha. Uduvi si mchwa."

Mama alimsihi azitoe boriti siku ile ile. Baba alikataa, akasema zimebakiza wiki kadhaa. Nilimpenda baba yangu, lakini siku ile nilimwonea kinyaa, na hakijaniisha.

Nyumba ingali imesimama. Kila Idi Baba huigonga boriti kwa kiganja mbele ya wageni, akijisifu kuwa mchwa hawajaigusa. Ni kweli, hawajaigusa. Horini uduvi haujarudi; tunaokula siku hizi Mama hununua sokoni Kilifi, mkavu. Idi iliyopita binti yangu aliitoa ile leso kuukuu sandukuni, akamwambia bibi yake, "Twende tukatande." Mama alimgeukia Baba, akamwambia, "Mjibu wewe." Mkono wa Baba ulibaki juu ya boriti, haugongi.