Kuwinda Umanjano Mji wa Kale

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya watoto wachanga, Sista Mkuu alinivuta mkono hadi dirishani kabla sijajua hata pa kuweka mkoba. "Hapa ndipo pa kumtazamia mtoto," alisema. "Taa ya dari itakudanganya." Alimbonyeza mtoto puani kwa kidole, akakiondoa upesi, ngozi ikabaki na rangi ya manjano. Akafanya vivyo hivyo kifuani, kisha nyayoni. Kadiri umanjano unavyoshuka mwilini, ndivyo hatari inavyozidi.

Umanjano huo huletwa na bilirubini, taka inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto mchanga bado ni changa, haliwezi kuiondoa haraka. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo na kuua seli za neva, nazo zikishakufa hazirudi. Mtoto anaweza kuwa kiziwi, au asiweze kuketi maisha yake yote. Tiba yetu ilikuwa taa za buluu, na hali ikiwa mbaya, kumbadilisha damu kidogo kidogo. Nilizipenda taa zile, na hadi leo nazikumbuka.

Baadaye nilihamishiwa kliniki moja Makadara, chini ya Muuguzi Msimamizi aliyekuwa mkali kama pilipili. "Wazazi hawatoki nyumbani mpaka siku arubaini ziishe," alituambia. "Basi twendeni sisi." Ndivyo nilivyofika kwa Bi Mwanahamisi, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, ambako bintiye Rukia alikuwa amejifungua mtoto wa kiume.

"Ndoo, mwanangu, ndoo umuone mjukuu wangu! Mtulivu muno, mashaallah. Halii, hata ziwa la mamake halimshughulishi."

Mtoto aliyezidiwa na umanjano huwa hivyo hivyo, hulala tu na kukataa kunyonya. Nilipomwinamia nikanusa vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Mtoto alikuwa amevishwa nguo alizovaa Rukia utotoni, zilizotunzwa sandukuni pamoja na vidonge hivyo kwa mapenzi yote. Wako watoto wa pwani waliorithi damu iliyo nyepesi kuvunjika, na kwao hata mvuke wa vidonge vile ni sumu. Nilifungua pazia. Nyayo zake zilikuwa za manjano.

"Mama, twendeni hospitali sasa hivi."

"Na arubaini?"

"Ubongo wake hauwezi kuingoja."

Alinikazia macho, nikadhani atanifukuza. "Rukia, nipa buibui langu," alisema, akaanza kumvua mjukuu nguo zile.

Siku hiyo hiyo mtoto alibadilishwa damu. "Damu imesafika," Daktari wa Watoto alituambia. "Habari za ubongo tutazijua akikua." Maneno hayo yalimkosesha Bi Mwanahamisi usingizi. Tangu hapo akaenda kwa kila mzazi mtaani, na alinusa nguo za mtoto kwanza ndipo akasalimu. Watu walimcheka sana, mimi nikazidi kumpenda.

Sasa nimestaafu. Vijana wana kifaa cha kugusisha kwenye paji la uso kikapima umanjano, na nawaonea kijicho kidogo. Wapo watoto tuliowafikia tumechelewa, na bado wananiuma. Lakini nikiulizwa nilifanya kazi gani, husimulia asubuhi moja pale kliniki, miezi kadhaa baadaye. Mjukuu yule alikuwa ameketi mkekani, anachezea kijiko. Bi Mwanahamisi alisimama nyuma yake asikoonekana, kisha akamwita kwa sauti ndogo, "Salimu."

Mtoto akageuka.