Nilifuta Sauti ya Baba, Nikamwachia Mume Wangu Lawama

Aliyefuta sauti ya baba yangu ni mimi. Si stima, si kompyuta mbovu, na zaidi ya yote si mume wangu. Nimewaambia ndugu zangu hivyo uso kwa uso na wamekataa kunisikia. Basi nawaambia nyinyi msionijua, pengine nyinyi mtaniamini.

Sitaji jina langu. Wanaonijua watanitambua tu, na wakinitambua, sawa.

Nilizaliwa Kimumu, hapa Eldoret. Wazazi wangu hawakuwa wenyeji wa Uasin Gishu. Baba alikuja akiwa kijana kufundisha shule ya msingi, akapata kiploti, akajenga. Jumamosi alifundisha kwaya ya kanisa. Kwaya hiyo ilikuwa na wenyeji na sisi wa kuja, na hakuna aliyeuliza mtu ni wa wapi. Waliuliza tu kama wewe ni soprano au besi.

Baba alikuwa na redio ya kurekodi kaseti. Kila mazoezi alibonyeza batani akaiacha izunguke, hata watu wakiwa bado wanapanga viti. Kwa hivyo kaseti zake hazikuwa nyimbo peke yake. Ndani yake alikuwepo yeye mwenyewe, akiita majina ya wanakwaya, akiwapa noti, akiwaambia wamama wa alto wasikimbie, akifunga na maombi. Na baba alikuwa mtu wa sauti ndogo. Darasani watoto hawakunyamaza kwa kumwogopa. Walinyamaza ili wamsikie.

Alifariki kwa ugonjwa mwaka mmoja kabla ya ule uchaguzi wa 2007 ulioishia kwa vita. Namshukuru Mungu kwamba hakuona yaliyofuata.

Nyumba yetu ya Kimumu ilichomwa mapema Januari, vita vilipochacha. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na Kipruto, ambaye ni mwenyeji, tukikaa mtaa wa West Indies karibu na town. Mama na kaka yangu Elisha ndio waliokuwa kule. Kipruto aliposikia alichukua pikapu ya kazini, akapita katikati ya vijana wa kwao waliokuwa wamefunga barabara kwa mawe, akaenda kumtoa mama mkwe wake. Walimtukana. Mmoja akavunja kioo cha mbele. Alirudi na Mama kando yake, na Elisha nyuma akiwa amelalia sanduku la bati. Sanduku hilo halikuwa na nguo hata moja. Zilikuwa kaseti za baba.

Mkitaka kujua mume wangu ni mtu wa aina gani, ni huyo.

Hatukuweza kuwaficha kwetu, majirani walikuwa wameanza kuuliza nani amelala ndani. Tukawapeleka kambini, kwa wenzao waliofukuzwa makwao. Walikaa huko hadi mvua ya Aprili, hema likavuja, maji yakaingia sandukuni.

Baadaye Mama alirudi Kimumu kwenye nyumba ya kupanga, naye Elisha akahamia Nakuru na kaseti zake. Alichukua karibu miaka miwili kuziingiza kwenye kompyuta. Nyingi zilicheza mara moja tu. Utepe ulikuwa umeoza, ukikatika anaunga na selotepu, anaendelea. Akimaliza kaseti, haifai tena.

Alizihifadhi kwenye diski ya kuchomeka, kama faili kubwa, zile zisizopunguza chochote. Nilimuuliza kwa nini asiweke MP3 kama watu wengine. Akanieleza kwamba MP3 hutupa vile vitu ambavyo inadhani sikio halitavikosa, na yeye hakutaka mashine imchagulie ni sehemu gani ya baba ya kutupa. Nilimcheka. Nilimwona kama mtu anayebembeleza huzuni.

Elisha alipopata kazi Uarabuni aliniletea ile diski. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa imeibwa, kwa hivyo diski ndiyo iliyobaki, moja tu duniani. Akaniambia ninunue nyingine niweke kopi. Nikamwambia nitafanya. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa ninunue mwezi ujao.

Kisha Mama akapata stroke. Upande mmoja wa mwili ukafa. Tulimleta kwetu, na Kipruto mwenyewe ndiye aliyesema apewe chumba chetu, kwa sababu kinapata jua la asubuhi. Mama hakuomba mengi. Aliomba kumsikia baba.

Nilimnunulia kile kiredio kidogo cha kuvaa shingoni, chenye spika yake. Nikaingiza faili za Elisha, kikakataa. Hakikujua aina hiyo ya faili, na hata kingejua, zisingetosha.

Mimi ni karani katika stoo ya mahindi Moi's Bridge. Ofisini kwetu mimi ndiye wa kompyuta. Printa ikigoma wananiita mimi. Ndiyo maana mama mmoja wa saiba, lile duka la kompyuta na intaneti hapa town, aliponishauri nifanye kopi kwanza, halafu nijaribu na faili moja, nilimwona kama ananifundisha kutembea.

Jumapili baada ya kanisa nikakaa mezani na kompyuta. Programu ilikuwa na visanduku vya kuweka tiki. Cha kwanza, punguza saizi iwe ndogo kabisa. Nikaweka tiki. Cha pili, ondoa sehemu za kimya. Nikafikiria vile kaseti zina kimya kingi kinachokula nafasi bure, nikaweka tiki. Cha tatu, futa faili za kwanza kazi ikiisha.

Hapo nilisimama kidogo. Sitawadanganya kwamba nilibonyeza bila kusoma. Nilisoma. Lakini diski ilikuwa imejaa, na nilikuwa nataka nafasi ya kuweka filamu zangu. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine iliyo nzuri zaidi miaka hii yote na sijaipata.

Tulipomaliza chai, kazi ilikuwa imeisha. Nilimvika Mama kiredio chake, kwaya ikaanza, na mkono wake mzima ukaanza kupiga mapigo juu ya blanketi. Nilijiona mtoto wa maana. Jioni nikajaza filamu kwenye diski.

Siku ya tatu Mama aliniita.

"Nyimbo ni nzuri," akasema. Maneno yalimtoka polepole siku hizo. "Lakini baba yako mbona haongei?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikakaa kitandani kwake tukasikiliza pamoja. Wimbo ukaisha, wa pili ukaanza palepale. Hakuna majina. Hakuna noti. Hakuna maombi. Nikakimbilia kompyuta, nikafungua moja baada ya nyingine, zote zilikuwa hivyo. Fundi niliyempelekea diski aliniambia ningekuja kabla ya kuweka filamu angejaribu kuzirudisha. Sasa filamu zimeandikwa juu ya faili zile.

Mashine ilipima sauti ya baba, ikaona ni ndogo, ikaihesabu kuwa kimya. Niliiambia ifute kimya. Ikafuta.

Kipruto nilimweleza siku hiyo hiyo. Alinisihi nimpigie Elisha mara moja, kabla kosa halijalala. Nikasema nitapiga kesho. Mnanijua sasa na kesho zangu.

Mama alifariki mwaka uliofuata, kiredio kikiwa shingoni. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna watakaosema nisingegusa zile faili hata kidogo, ningengoja Elisha arudi. Hao hawakumgeuza Mama kitandani. Hawakumwona akisubiri wimbo uanze. Mama alisikiliza kwaya yake kila siku ya Mungu mpaka mwisho, na kumpa muziki halikuwa kosa. Sitatubu hilo, hata mkinishikia fimbo.

Kosa ni lililotokea matangani.

Tulimzika kwa baba mdogo, yaani mdogo wake baba, kule kijijini kwetu. Elisha alipata ruhusa akaja. Kulikuwa na maombi fulani ya baba aliyoyakumbuka, ambapo anatutaja sisi wawili kwa majina, na alitaka yachezwe kabla jeneza halijashushwa. Akaniomba diski.

Nikamwambia stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaiunguza.

Halafu, mbele ya baba mdogo na jamaa wote, Elisha akaanza kuuliza kwa upole. Ilikuwa imewekwa wapi? Kwangu. Ilichomekwa na nani? Nikasema sijui. Nilisema sijui! Kipruto alikuwa anapita hapo amebeba viti vya wageni. Elisha akamgeukia.

"Shemeji," akasema, "nyumba mlichoma. Ilikuwa imebaki sauti tu, na hiyo pia mmemaliza."

Kipruto aliweka viti chini. Hakumwangalia Elisha. Aliniangalia mimi, akangoja.

Nikaangalia viatu vyangu.

Hilo ndilo ungamo langu. Faili ni ajali ya mtu mwenye kiburi. Lakini pale nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ukweli, na mwanaume aliyemtoa mama yangu motoni alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu akinipa nafasi. Sikuitumia. Aliinua viti vyake, akaendelea kupanga, akakaa mpaka mazishi yakaisha, akanywa chai yao.

Tukiwa tumerudi nyumbani ndipo aliposema. "Mimi kuitwa hivyo nimezoea. Lakini wewe ulikuwa unajua."

Hakurudia tena. Ingekuwa afadhali angegombana nami.

Miaka mitatu nilikaa hivyo. Kadi za harusi kutoka kwetu zilikuja na jina langu peke yangu. Nilikwenda peke yangu na nikacheka na watu. Halafu Krismasi moja binti yetu alirudi kutoka kwa binamu zake, akamuuliza babake kwenye meza kama ni kweli alichoma nyumba ya nyanya. Kipruto alimwambia hapana, akamwongezea mchuzi. Mimi nikainuka nikaenda kusimama nje.

Nilimpigia Elisha siku hiyo hiyo, mchana kweupe. Nilimweleza yote: visanduku vitatu, filamu, uongo wa stima. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja. "Mumeo amekutuma useme hivyo?" Akakata simu.

Nikaenda kwa baba mdogo kwenye mkutano wa familia. Nikaomba nafasi, nikasimama, nikasema tena yote. Mnajua walinifanyaje? Walinisifu. Baba mdogo alisema mwanamke mwema humfunika mume wake, kwamba nimelelewa vizuri, sasa niketi. Shangazi mmoja akanipigapiga mgongo.

Uongo nilioutoa kwa pumzi moja ulikuwa umepata nyumba. Unafanana na kile walichokuwa wameamini tangu moto ule, kwa hivyo hawataki kuuachia. Ukweli wangu hauna mahali pa kukaa.

Sikuketi. Niliwaambia kwamba waliochoma nyumba yetu wengine tunawajua kwa sura na majina, na hakuna aliyewahi kusimamishwa mbele ya mtu yeyote. Yule mmoja aliyekuja na gari kumtoa Mama ndiye mliyemhukumu. Mkitaka mkosaji, niko hapa, nimesimama, nimevaa rinda la maua, mnaniona. Baba mdogo aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Mwezi uliopita ilikuja kadi ya mahari ya binti wa baba mdogo. Jina langu peke yangu. Niliirudisha kwa mkono wangu mwenyewe na kumwambia tunaalikwa wawili au hatualikwi. Wanasema nimekuwa mkaidi. Ndiyo, nimekuwa. Nimechelewa kuwa.

Elisha hajaongea nami. Namwandikia kila Jumapili na naona amesoma. Ana haki ya kunikasirikia. Alibeba kaseti zile kwa kifua chake na mimi nikazifanya nafasi ya filamu. Anikasirikie mpaka achoke, lakini anikasirikie mimi.

Kipruto anasema amenisamehe. Namwamini, kwa sababu si mtu wa kusema asichomaanisha. Lakini tukialikwa popote siku hizi, hata kwa majirani, yeye huuliza kwanza kama nina hakika anatakiwa. Hakuwa hivyo. Hiyo nimeifanya mimi.

Sasa wewe unayesoma. Kama una sauti ya mzazi wako mahali, kwenye simu, kwenye kaseti, kwenye diski, weka kopi leo kabla hujapika. Usiguse ya kwanza. Jaribu na moja, sikiliza mpaka mwisho, na mtu wa saiba akikushauri, funga mdomo umsikie.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Mtu wako akishtakiwa mbele yako kwa kosa ulilofanya wewe, usijidanganye kwamba utasema baadaye. Mimi nilisema baadaye, na wakanipongeza kwa kudanganya vizuri. Sema palepale, watu wakikutazama, jeneza likiwa hapo, aibu ikikuchoma masikio. Aibu ya siku moja haijaua mtu.

Mimi nitaendelea kusema mpaka waniamini au wanizike. Na wakinizika, kiti cha mbele ni cha Kipruto. Asiyetaka kukaa karibu naye asije.