Mhunzi wa Newala na vipande viwili vya upanga wa Kijapani

Ni asubuhi mjini Newala, makaa ndiyo kwanza yanashika, na Fortunatus Nangomwa ameketi kwenye kigoda nje ya karakana yake. Mapajani ana kipande cha upanga. Anakipaka tone la mafuta, anakiinamisha kuelekea kwenye mwanga, anakitazama. Wateja wawili wanaotaka mapanga ya kufyekea mikorosho wanasubiri, na mmoja ameanza kukohoa kwa makusudi.

"Nivumilieni kidogo," anasema bila kuinua macho. "Hapa nipo darasani."

Fortunatus, 47, ni mhunzi. Anafua majembe, visu na mapanga kwa springi za magari chakavu. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, kazi hiyo inalipa ada za watoto. Ukiwa mbaya, anasema huku akicheka, "tunachimba ming'oko, mizizi ya porini, kama watu wengine."

Ila ana kazi ya pili isiyomlipa kitu. Anatafuta panga za kale za Kijapani.

Usicheke. Mwandishi wa habari hizi naye alicheka, akanyamaza alipoelezwa zilivyofika. Vijana wa huku waliochukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, kwenda kupigana na Wajapani Bama, yaani Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia, walirudi na vitu. Wengine walileta makovu tu, wachache wakaleta panga za maofisa. Nyingi ziliishia shambani, au zikangoja kuchinja mbuzi wa Idi.

"Tazama hapa," anasema, akipitisha kidole hewani juu ya makali bila kuyagusa. Kuna mstari mweupe unaopinda kama ukungu wa asubuhi bondeni. "Fundi alipaka udongo mgongoni, mnene, na kwenye makali mwembamba. Akaupasha moto, akauzamisha majini. Makali yakawa magumu, mgongo ukabaki laini. Upanga mmoja, tabia mbili. Panga langu mimi likiwa gumu linavunjika, likiwa laini linapinda."

Karibu na mahali kipande kilipokatwa, mstari ule unapotea. Hapo sauti yake inashuka.

Upanga huo uliletwa na Mzee Mujibu wa Chiwata. Alipofariki aliacha watoto wawili, Zena na mdogo wake Tahiri, na kila mmoja akautaka. Wazee wa ukoo, bila kumuuliza shehe, wakaona haki ni kuugawa upanga wenyewe kwa hesabu ya mirathi: wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Ukapelekwa kwa mhunzi akaukate.

Mhunzi huyo alikuwa baba yake Fortunatus.

"Mimi nilikuwa shuleni. Alinisimulia mwenyewe akiwa mgonjwa," anasema. "Aliupasha hadi ukawa mwekundu, akaweka tindo, akapiga. Alisema hajawahi kuona chuma kibishi vile. Ule moto ndio uliofuta mstari. Namlaumu, na namhurumia. Nani angemwambia?"

Tahiri, anayeishi Mnyambe, alimwazima kipande chake kirefu chenye ncha. Kilibaki kile kifupi chenye mpini, kwa Zena, Chiwata. Fortunatus alikitaka kwa sababu mafundi wa Kijapani huandika majina yao kwenye chuma kilichojificha ndani ya mpini.

Siku anakwenda, alipiga simu kwanza akimsihi mama wa watu asikisugue. Huku kwetu mgeni haonyeshwi kitu chenye kutu, na majivu na mchanga vimeshaua panga nyingi kwa ajili ya heshima.

"Shikamoo, Mama Faidha," Fortunatus alimwamkia Zena mlangoni.

"Marahaba, Baba Cecilia. Karibu. Sijakisugua, ila nimeona aibu kweli."

Bi Zena, aliyevuka miaka sabini, alikuwa na lake. Yeye na Tahiri hawajaamkiana tangu upanga ukatwe.

"Wewe fundi. Kiunge," alimwambia. "Kikiwa kimoja, nami nitakuwa na la kumwambia mdogo wangu."

Angeweza. Mashine ya kuchomelea ipo, na baada ya msasa hakuna ambaye angejua. Alikataa.

"Nikiuunga, nitaua na yale makali yaliyobaki, mama. Halafu nitakuwa nimekudanganya."

"Basi umefuata nini?"

Fortunatus anakiri kwamba hapo alitamani kuondoka. Badala yake aliomba ruhusa ya kuvua mpini.

"Huo kachonga baba kwa mkono wake," Bi Zena alisema. "Ukiupasua, usirudi hapa."

Akaugonga mdogomdogo kwa kipande cha mti, jasho likimtoka, hadi kigingi kikaachia na mpini ukatoka mzima. Ndani, chini ya kutu nyeusi, kulikuwa na herufi zilizochongwa wima. Hakuna aliyeweza kuzisoma. Bi Zena alizigusa moja moja, akauliza kama huyo mtu alikuwa na watoto.

Kisha Fortunatus akatoa kipande cha Tahiri, akavilaza vyote kwenye mkeka. Havikukutana sawasawa, tindo ilikula chuma katikati. Bi Zena alivitazama kwa muda, akavuta simu iliyofungwa kwenye pindo la khanga yake, akampigia mdogo wake palepale.

Upande wa pili simu ilipokelewa. Halafu sauti ya mzee ikasema, "Shikamoo, dada."

Bi Zena alilia kabla ya kuitikia.

Wamekubaliana vipande vyote vikae karakanani Newala mpaka Fortunatus afue upanga mpya, mzima, kwa njia ile ile ya udongo na maji. Si kazi ndogo. Maji Newala ni adimu, si ya kuchezea, hivyo wahunzi wamezoea kuzamisha chuma kwenye oili chafu, na kila alichojaribu kwenye maji kimepasuka. Mabaki yamerundikana nyuma ya karakana, na mkewe ameshayachukua mengine kuzibia banda la kuku.

Je, wa sasa nao ukipasuka?

"Nitafua mwingine," anajibu, akipanga udongo mwekundu kwenye kibao. "Na ukipona, dada nitampa upanga, mdogo wake nitampa ala. Upanga usio na ala utaota kutu, na ala tupu ni kuni tu. Watake wasitake, watatembeleana."