Majani ya Shu na Ngombe ya Koko

Juzi hapa Butembo, jirani yangu aliletewa ngombe kutoka Kipese, mu camion, gari ya mizigo. Hata haijapumuzika, akaiwekea beseni nzima ya drêche, ile mabaki ya pombe. Nikapiga kelele mbele ya kufikiri: "Hapana! Anza na yenye kujaa mukono moja!" Akanishangaa. Rafiki, hata miye nilishangaa, juu ile haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya koko, mama ya mama yangu.

Koko alikuwaka na ngombe moja tu kule Kipese, nyekundu, na hakuna mutu alijua tumbo yake kumupita. "Tumbo ya ngombe inajua chakula ya jana," alikuwaka anatuambia. "Ya leo, unaifundisha." Kila mwisho wa kiangazi, wakati bantu banakata makabichi, sisi tunaita shu, aliokota majani yenye kubakia mu shamba, anaanika umande uishe. Siku ya kwanza anachanganya mukono moja ndani ya muzigo muzima ya majani makavu. Kisha mbili. Nusu kwa nusu inangoja mpaka siku ya Mungu, ile ya kanisa, ipite mara mbili. Na kila asubui anainama kuangalia mavi: ikiwa ya maji, anarudi nyuma, bila kukasirika. Miye nilionaka ile yote ni choyo.

Mwaka moja, miye ningali mudogo, mama alizaa, maziwa ikamukosa. Mutoto aliishi na maziwa ya ile ngombe, koko anaichemusha mwenyewe.

Basi siku moja koko yuko ku kanisa, nikajiambia: ngombe ikishiba, mutoto atashiba. Nikaipa kitunga kizima ya majani ya shu, na umande juu. Ilikula, na miye naimba! Kisha kidogo, upande wa kushoto ikavimba, ngumu kama ngoma. Ikaanza kujipiga miguu ku tumbo, inapumua na nguvu. Mu nyumba, mutoto analia njaa. Yesu wangu! Nilikimbia mpaka mu kanisa, nikalia mbele ya bantu bote.

Koko alishuka mulima viatu mu mukono.  Alifunga kijiti mu kinywa ya ngombe ili itafune, akaisimamisha miguu ya mbele juu ku mupando, akaimwangia mu koo chupa ya mawese polepole. Kisha akasugua tumbo na mikono miwili, huku anamaliza wimbo wenye aliacha ku kanisa. Ngombe ikatoa hewa, pwaa! Harufu ile! Mpaka leo hakuna marashi inaipita.

Magaribi baba aliuliza nani alifanya vile. "Ni miye," koko akasema. "Nilikosea kipimo." Na mutoto akakunywa.

Leo kwenye ngombe ilikulaka kuko manyumba. Ku matanga ya koko, bazee balimusifu: maisha yake yote, alikosea ngombe mara moja tu. Bantu bakacheka na machozi. Ule mutoto, leo mama ya batoto, alikuwa ameniegemea, analia. Nami nikamupanguza machozi, siri ikabakia kwangu.

Jirani aliniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia, ni koko yangu. Hakukosea hata siku moja.