Kikapu Kilichokataa Mwanga

Harufu ya mkonge uliolowa ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Ilinifikia kitandani kutoka uani, imechanganyika na moshi wa sufuria ambamo Mama alichemshia rangi nyeusi, nami nilijua kwamba nikiendelea kujinyoosha nitakuta ameshanitengea fungu zima la nyuzi za kuchambua. Tulikaa mtaa wa Nyakabanda, Kigali, kati ya fundi wa masofa na mama mmoja aliyeuza mkaa, na kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi. Mama alikulia Bujumbura. Huko alijifunza Kiswahili mitaani na ususi kwa nyanya yangu, na vyote viwili alirudi navyo Kigali. Kiswahili alinipa bure. Ususi aliuwekea masharti chungu nzima.

Alisuka agaseke, kikapu chetu chenye mfuniko uliochongoka, ambacho watu hupelekea zawadi harusini na kwa wazazi waliojifungua. Kila alipomaliza kimoja alikivaa kichwani mpaka mabegani, akatoka na kusimama juani, kimya, huku majirani wakimcheka kwamba leo tena anasali. Hakuwa akisali. Alikuwa akitafuta mwanga. Akiona tundu moja tu, hata dogo kama jicho la sindano, alirudi kivulini na kufumua. Vikapu vyangu alinivalisha mimi mwenyewe ili nijionee aibu yangu, na humo ndani niliona matundu tele, kila moja na jua lake. Nisingethubutu kumwambia kwamba nilipaona pazuri. Mkono wangu ulikuwa mlegevu, basi, na mwanzoni mwa likizo Mama alinipa onyo: mkono usipokaza kabla shule hazijafunguliwa, sindano yangu atampa binamu yangu Diane. Sindano ile ilikuwa ya nyanya. Nililala nayo chini ya mto.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye miwani mikubwa, mwandalizi wa tamasha la taa lililokuwa likiandaliwa katikati ya mji, kwenye barabara iliyofungwa magari. Alitaka agaseke refu kuliko mtu mzima, ndani yake iwekwe taa, lisimame pale watu walione. Mama alikubali kabla dada hajamaliza kueleza. Kesho yake akaialika kwaya nzima ya parokia ije kukiona siku ya ufunguzi. Kwa muda wa miezi miwili uani kwetu hapakupitika. Kikapu kilikua, sisi tukakizunguka, na kila mzunguko wa nyasi zilizofungwa kwa mkonge ulipoongezeka Mama aliingiza kichwa ndani kukagua, akatoka ametabasamu. Giza tupu. Watu wazima wangapi walipita pale wakasifu, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka taa.

Jioni ya mwisho ilibaki mizunguko miwili ya ukingo wa mfuniko. Mama alikwenda misa, nami shetani akanikalia begani. Nilichukua sindano ya nyanya nikasuka mizunguko yote miwili, nikaukata uzi, nikaingia kulala nikijiona fundi mkubwa. Mama aliligundua jambo lile asubuhi, wakati pikapu imeshafika na mfuniko umeshafungwa kamba. Alipitisha kidole ukingoni polepole.

"Ile sindano," alisema, "tukirudi utaipeleka kwa Diane."

Nilisafiri nyuma ya pikapu nikilia mpaka mjini.

Giza lilipoanza kuingia wakajaribu taa zote, maana ufunguzi ulikuwa kesho yake. Nikasahau kulia. Ndege korongo wa waya waliwaka bluu juu ya miti, maua ya chupa za plastiki yakafunguka mekundu, na ukuta mzima wa jengo moja ukawa ziwa linalotikisika, mpaka mtu alitamani kuvua viatu. Watu wakawa wanashangilia kila kimoja kinapowaka. Ikafika zamu yetu. Aloys, fundi wa umeme, akabonyeza swichi. Giza lilelile. Akabonyeza tena, akachungulia chini ya kikapu, akasimama akijikuna kichwa.

"Mama, taa iko inawaka. Ni kikapu yako ndiyo inakataza."

"Inakataza nini? Hii nimesuka na mikono yangu!"

"Ndiyo maana, Mama."

Yule dada wa miwani alisema kwa upole kwamba kesho saa kumi na mbili jioni kikapu kikiwa bado giza, itabidi kiondolewe, kitu kingine kiwekwe pale. Najua Mama alikuwa akiiwaza kwaya. Akakizunguka kikapu chake taratibu, mkono juu yake, mpaka upande wa pili, na huko akasimama. Ukingoni mwa mfuniko, pale mkono wangu mlegevu ulipozidi kulegea, mwanga ulikuwa ukitoka kwa vitone vya dhahabu, ukamwangukia usoni na kwenye kitenge. Nikajificha nyuma ya Aloys.

"Claudine," akaita, "kuja hapa. Wewe unafanyaga je?"

Sikuelewa swali. Akarudia, na safari hii alikuwa anacheka, mkono kinywani, machozi yakimtoka. "Nionyeshe vile unaharibu!"

Kesho yake tangu alfajiri tuliushusha mfuniko ule, tukakaa nao palepale barabarani, tukaufumua hadi karibu na ncha. Mama alijaribu kusuka kwa kulegeza, wallahi alijaribu, lakini vidole vyake vilikataa. Kila mshono wa tatu ulikaza wenyewe, naye akaubeza kama mimi nilivyozoea kubezwa. Mwishowe alinikabidhi kazi yote. Yeye akalowesha nyuzi, akanitungia sindano, akaninywesha chai. "Legeza zaidi," alinihimiza, "usiogope!" Sijawahi kufurahi namna ile. Saa kumi na mbili ilipofika Aloys akabonyeza, na vitone vikamwagika barabara nzima kama punje za uwele. Watoto walivikanyaga, wanakwaya wakajitazama mashati yao yenye madoa ya dhahabu, na Mama akamshika mkono kila aliyepita: "Ule mfuniko ni wa mtoto wangu." Sindano haikwenda kwa Diane.

Mwaka huu nilimpeleka tena Mama kwenye tamasha la taa, pamoja na binti yangu. Siku hizi taa zinaongozwa na kompyuta, zinacheza na muziki, na wengi wanazitazama kupitia simu zao. Mama alizifurahia zote, akaniuliza mara mbili ni nani amezisuka. Mikono yake sasa inatetemeka. Wiki iliyopita alimmalizia mjukuu wake kikapu kidogo, alichokianza tangu mvua za masika, na kwa mazoea akakivaa kichwani akatoka juani. Alisimama muda mrefu. Mimi mlangoni nilishaviona vitone vya jua shingoni kwake.

"Claudine," akaita kutoka humo ndani, "kumbe siku zote uliona hivi, na hukuniambia?"

Hakukifumua.