Begonia za Mama Majani na Taa ya Kinyozi

Shangazi yangu wanamwita Mama Majani, na haimkeri. Anakodisha mimea ya ndani. Anaiotesha chumba cha nyuma, anaipeleka maofisini, kisha anapita kuimwagilia na kuifuta vumbi. Mteja wake mkubwa ni benki, na kwa kweli ndiyo inayotulisha.

Msimu wa mvua begonia za benki zikaota ukungu mweupe, kama mtu kazipangusia mikono ya unga. Chini ya majani utitiri nao umejaa. Meneja alipitisha kidole, akakitazama, akasema anatupa muda mpaka Ijumaa. Zisipopona ataweka maua ya plastiki, yale hayaugui. Na dawa ya kupuliza hataki, inawakohoza wateja.

Shangazi alizirudisha nyumbani. Jioni akamwomba mumewe, ambaye ni kinyozi, taa ya kasha lake la vitana. Ile ya miale ya urujuanimno, inayoua vijidudu.

"Unataka kuyanyoa majani?" mumewe akauliza.

"Nataka kuyaponya. Lete taa, wateja wako wenyewe vipara watupu."

Akaileta, ila akasisitiza isitazamwe kwa macho wala isimulike ngozi. Shangazi akaweka swichi nje ya mlango. Mara ya kwanza aliisogeza karibu mno, akaiwasha, akaenda kupika. Majani yakakauka kama yamepigwa pasi. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini. Shangazi hakucheka. Aliyakata yaliyoungua, akaipandisha taa juu, na kesho yake akaiwasha kidogo tu kisha akazima, akailaza mimea ubavu ili sehemu ya chini nayo ipate.

Bado ukungu ulirudi, lakini si kwa mimea yote. Vyungu vya dirishani, panapoingia mwanga wa taa ya barabarani usiku, vilirudiwa. Vya kona ya giza vikabaki safi. Shangazi akashika kiuno, akasema, "Kumbe huyu ukungu, ukimpiga miale halafu ukamwachia mwanga wa kawaida, anajitibu."

Tangu hapo, kila jioni alikuwa anamulika kidogo, anazima, anafunika dirisha kwa blanketi mpaka asubuhi. Unga ukapungua, ukaisha. Utitiri nao ukapukutika. Machipukizi yakatoka mekundu, yanang'aa.

Ijumaa tuliingia benki na toroli. Maua ya plastiki yalikuwa yameshafika, yako mezani, bado yana karatasi. Meneja akapitisha kidole juu ya jani, akaligeuza, akapitisha na chini. Akatoa leso nyeupe, akafuta, akaitazama. Leso safi. Foleni nzima ilikuwa inaangalia.

"Umezifanyaje, mama?"

"Nimezipeleka kwa kinyozi."

Meneja akacheka, akamwita mlinzi ayaondoe yale ya plastiki. Akauliza kama zinaweza kupatikana nyingine za ghorofa ya juu. Shangazi akamjibu kwamba asubiri, zinaota, na mimea haiharakishwi. Kisha akaanza kupanga vyungu vyake pale pale mlangoni, polepole, kimoja baada ya kingine, na watu wakampisha.