Magunia ya Dawa Ufukweni Sindo

Sauti iliyonishtua siku yangu ya kwanza kazini kama afisa wa kilimo ilikuwa ya magunia yaliyokung'utwa juu ya mawe, ufukweni Sindo. Unga mweupe ulipaa. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya pili ya kilimo, na unga ule niliujua: dawa ya wadudu wa pamba. Kina mama waliyasafisha magunia yake ili waanikie omena, wale dagaa wa ziwani.

"Yananuka kidogo tu," mmoja aliniambia, "lakini samaki hawashiki mchanga. Au wewe Madam unapenda kutafuna mchanga?"

Wenzake wakacheka.

Miaka ile ya sitini, muda mfupi baada ya uhuru, sera ya pamba ilikuwa fupi: anayenyunyiza dawa hupewa mbegu za msimu; asiyenyunyiza hapewi. Mama Atieno, mkulima wa pale Sindo, hakunyunyiza. Alirutubisha shamba kwa samadi, yaani kinyesi cha ng'ombe kilichoozeshwa shimoni, na baada ya mavuno aling'oa mabua akayachoma ili wadudu wakose makao. Mazao yake yalikuwa ya wastani; sitayatia chumvi.

"Nyar Migori," aliniita hivyo, binti wa Migori, kwa kuwa huko ndiko kwetu, "gunia la dawa likiingia kwangu, wake za wanangu watalipeleka ziwani. Nitawachunga mpaka lini? Lakini bila pamba, watoto hawasomi."

Nilimweleza Afisa Kilimo wa Wilaya, Homa Bay, nikamwombea mama huyo mbegu.

"Madam, sera si mboga, kila mtu apike apendavyo. Unataka tutunge sheria ya samadi?"

"Ndiyo, bwana."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi huyo mama yako wa Sindo asubiri hiyo sheria. Mbegu hapati."

Nikawaza kupita kiasi. Kumruka mkubwa wangu ni uasi, au ni wajibu? Na kama omena ile haimdhuru mtu? Sikuwa na majibu ya maabara.

Nimestaafu sasa. Ninyi mnaosimamia kilimo hai mna viwango na wakaguzi; ofisini kwetu hakikuwa na hata jina. Nayakumbuka kwa mapenzi mashimo ya samadi yaliyofuka mvuke asubuhi, na baiskeli yangu ya serikali. Zaidi naikumbuka posta ya Homa Bay, mbegu zilipokaribia kugawiwa, nilipoomba hatimaye kuunganishwa kwa simu na Afisa Kilimo wa Mkoa, Kisumu.

"Mkubwa wako anajua unanipigia?"

"Hajui, bwana. Naomba mama mmoja wa Sindo apewe mbegu bila dawa, na magunia matupu yarudishwe ghalani."

"Kwa sheria ipi?"

Opereta akaingilia: "Muda umekwisha, Madam. Nikate au niongeze?"

"Ongeza," nikasema. "Sheria ndiyo tunaitunga sasa."